Karani Agoma Kwenda Mnadani

Hosiana alikuwa anapepeta karanga za mbegu. Alikaa uani, kwenye kivuli cha nyumba, ungo ukiwa mapajani. Binti yake Dorah, mwenye miaka kumi, alikuwa anazichambua. Nzuri aliziweka kwenye ndoo. Mbovu alizila.

"Dorah, mbovu ni nyingi namna hiyo?"

"Mwaka huu zimeoza sana, mama."

"Zimeoza, na unatafuna kwa raha hivyo?"

Dorah alicheka na kufunika mdomo kwa mkono.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa kumi na mbili, saa tisa alasiri. Katika kitongoji cha Igumilo, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, watu walikuwa wanaanza kulima. Mume wa Hosiana, Ngassa, alikuwa anarudi kutoka shambani na maksai wake wawili. Mmoja aliitwa Bwana Shauri, kwa sababu kila alipoamriwa jambo alisimama kwanza kufikiri. Wa pili aliitwa Karani. Mguu wake wa mbele ulikuwa na doa jeusi, kama mtu aliyemwagikiwa wino. Kwa maksai hao wawili Ngassa alilima ekari nne kila mwaka. Mavuno yalitosha kulisha nyumba na kumnunulia Dorah sare za shule.

"Mama Dorah!" aliita Ngassa kutoka mbali. "Anua vitu! Angalia kule mashariki!"

Hosiana aliinua macho. Mbingu ilikuwa nyeusi kama chungu.

Hawakupata hata muda wa kuingiza ungo. Upepo ulikuja kwanza. Kisha ikaja mvua ya mawe. Barafu ndogo ndogo ziligonga mabati kwa kelele hata mtu hakuweza kumsikia mwenzake. Hosiana alimvuta Dorah ndani, chini ya kitanda. Ngassa alijiinamia kwenye kona, ameshika sufuria juu ya kichwa.

Halafu kelele ikaisha ghafla. Hosiana alidhani mvua imekatika. Alipotazama juu, aliona mawingu. Paa halikuwepo.

Dhoruba ilichukua muda mfupi tu, kama wa kuchemsha chai. Ilipopita, Ngassa alitoka kwenye kona na sufuria yake kichwani. Ilikuwa imebonyea mahali pawili.

"Wote wazima?" aliuliza.

"Wazima," alisema Hosiana, huku akimpapasa Dorah kichwa, mikono na miguu.

Nje, watu walikuwa wanaitana. Kwa bahati njema hakufa mtu. Lakini nyumba kumi na moja za Igumilo zilikuwa zimeezuliwa. Gunia la michembe la Hosiana, viazi alivyovikata na kuvikausha kwa wiki nzima, lilikuwa limelowa chapachapa. Yalisalia madebe mawili ya mahindi yaliyokuwa chini ya turubai. Na ukuta wa upande wa jikoni, wa matofali ya udongo, ulikuwa na ufa mrefu toka juu mpaka chini.

Ngassa aliokota mabati matatu yaliyoangukia karibu. Aliyaegemeza kwenye ukuta ule ule, akatengeneza kibanda.

"Tutajibanza hapa kwa sasa," alisema.

*

Kesho yake asubuhi, Rhoda alipita nyumba kwa nyumba. Rhoda, ambaye wengi humwita Mama Edward, ni mhudumu wa afya wa jamii. Anajua nani ana mimba, nani anakohoa, na nani hajachimba choo. Siku hiyo alikuwa na daftari na viatu vya mvua.

"Mwangaluka, Mama Dorah," alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mama Edward. Karibu. Kiti chetu kimelowa, lakini kipo."

"Nitasimama. Poleni sana. Sikia, Jumamosi watakuja watu wa kujitolea kutoka Ngokolo, pale mjini. Vijana wa kanisani na wa msikitini wameungana. Ishirini. Wetu wa hapa nao wapo kama hao. Sasa naandika kila nyumba inahitaji nini. Ninyi mnahitaji nini?"

Hosiana alitazama sehemu paa lilipokuwa. Akatazama madebe yake mawili. Watu ishirini na wengine ishirini! Hata sufuria ya kuwapikia hakuwa nayo, isipokuwa ile iliyobonyea.

"Sisi tumeshapata msaada," alisema. "Andika wengine."

Rhoda alitazama juu. "Mmeshapata? Mbona naona mawingu kutoka sebuleni?"

"Mdogo wake Baba Dorah anakuja kutoka Buseresere. Analeta mabati na mafundi. Kesho kutwa tu."

Rhoda alimtazama kidogo. Kisha akaandika. "Haya. Namshukuru Mungu. Nyumba moja imepungua."

Alipoondoka, Ngassa alitokea nyuma ya zizi.

"Umemwambia nani anakuja?"

"Mdogo wako."

"Mdogo wangu yupi?"

"Si yule wa Buseresere."

"Yule? Mara ya mwisho alikuja Dorah akiwa mgongoni! Na alikuja kuomba jogoo!"

Hosiana alitaka kucheka, lakini machozi yakatangulia. "Sasa ningesema nini, Baba Dorah? Watu waje wafanye kazi kwangu tangu asubuhi, halafu waondoke na njaa?"

Ngassa hakumlaumu. Yeye pia alifikiri vivyo hivyo. Kwa Wasukuma, kazi ya kundi ina desturi yake. Ukiita kundi la jembe shambani kwako, unapika. Watu wanalima wakiimba, jua likipanda wanakula na kushiba. Mwenye shamba akiwalisha vibaya, kundi linamtungia wimbo. Wimbo huo unaimbwa kila shamba, msimu mzima. Mjomba wa Ngassa alitungiwa wimbo wa uji mwepesi. Mpaka leo wajukuu wake wanaitwa watoto wa uji.

"Umefanya vizuri," alisema Ngassa. "Sisi hatuli jasho la watu bure. Kesho ni siku ya mnada. Nitampeleka Karani."

"Karani!"

"Nikimuuza nitanunua mchele, nyama na mafuta. Halafu tutawaita watu kwa heshima."

"Na Bwana Shauri atavuta plau peke yake?"

"Tutalima kwa mkono."

"Kwa mkono tutalima ekari moja, Baba Dorah! Moja! Mwakani tutakula nini? Na Dorah?"

Ngassa aliokota fimbo, akaikagua kama vile ni mpya.

"Nikitungiwa wimbo," alisema mwishowe, "nitapita wapi?"

*

Siku ya Alhamisi, Ngassa aliondoka mapema na Karani kamba shingoni. Hosiana hakuwaangalia wakienda. Alikoka moto karibu na kibanda, akainjika uji. Dorah alikuwa bado amejilaza ndani, kwenye mkeka, mgongo wake umeelekea ukuta.

Saa mbili, mtu alikuja njiani na bati kichwani. Alikuwa Masudi, fundi wa mbao. Masudi alizaliwa Kigoma. Kwa miaka tisa alichimba dhahabu Geita, akiwa amepanga chumba Kalangalala. Kisha akachoka na mashimo, akahamia Igumilo na randa yake.

"Hodi! Mama Dorah, bati lenu hili. Nimelikuta kwenye mihogo yangu. Limekata mashina mawili, nitalidai fidia."

"Shikamoo, fundi," alisema Dorah kutoka kibandani.

Masudi hakuitikia marahaba. Alikuwa ameuona ufa. Aliliweka bati chini polepole.

"Dorah, mwanangu," alisema kwa sauti ya kawaida, "njoo huku kwangu. Pole pole. Acha mkeka. Usiguse ukuta."

Dorah alitoka. Masudi alimshika mkono, akampeleka mpaka mbali. Kisha akamgeukia Hosiana.

"Mama Dorah, na wewe sogea. Hamisha hata moto."

"Kuna nyoka?"

"Afadhali nyoka, angekimbia. Tazama pale chini." Alionyesha kwa mti mrefu. "Matofali ya udongo yakinywa maji, yanakuwa kama mkate kwenye chai. Leo ukuta umesimama. Kesho jua likiukausha, unameguka. Kule Geita, shimo la dhahabu tuliliita duara. Hatukushuka duarani mpaka tufunge magogo ya kuzuia udongo. Aliyeona ufa akasema 'utashikilia tu', tulimchimbua sisi. Mtoto halali hapa."

Hosiana alikaa chini. Alikuwa amemlaza Dorah pale kwa siku mbili.

"Kwa nini Rhoda hakuandika ukuta huu?" aliuliza Masudi. "Nimeliona daftari lake. Kwenu ameandika 'wameshapata'."

Hosiana alimweleza yote, kuanzia wageni arobaini, madebe mawili na shemeji wa Buseresere, mpaka safari ya Karani mnadani.

Masudi alisikiliza. Alianza kutabasamu, kisha akajizuia, kisha akashindwa.

"Mama Dorah, unataka kuuza maksai uwalishe watu wanaokuja na chakula chao?"

"Chao vipi?"

"Twende kwa Rhoda. Haraka. Mnada haungoji."

Walimkuta Rhoda anachemsha maji ya kunywa. Hosiana alimwambia ukweli, macho yake yakiwa chini. Rhoda hakugomba. Alifunika sufuria, akakaa naye kwenye benchi.

"Mama Dorah, kosa ni langu pia. Nilikuuliza unahitaji nini. Sikukuambia wanakuja vipi. Watu wa kujitolea wanajitegemea. Wanabeba chakula chao, na wengine nyundo zao. Hawaji kuongeza mzigo juu ya mzigo."

"Lakini desturi yetu..."

"Desturi yetu ni nzuri, na mimi ni Msukuma kama wewe. Ukiita jembe, unachagua siku. Unajua ghala lako lina nini. Je, upepo ulikuuliza siku?"

Hosiana alitikisa kichwa.

"Basi hii siyo kazi ya jembe. Hii ni kama nyumba inaungua. Anayekuja na ndoo haulizi chakula cha mchana. Na jambo jingine. Daftari hili ndilo tunalofuata. Nakala yake naipeleka kwa mtendaji wa kata. Mtu akisema hana shida, tunampita. Na mwingine akisema ana shida kubwa kuliko aliyo nayo, anamnyima jirani. Sema kama ilivyo. Ukijificha, unajificha na Dorah."

Hapo Hosiana alisimama. "Ngoja nimkimbilie mume wangu."

Hawakuhitaji kwenda mbali. Kilomita moja tu, kwenye njia ya mnadani, waliona watu wamejikusanya wakicheka. Katikati alisimama Karani. Miguu yake minne ilikuwa imekita ardhini. Ngassa alikuwa anavuta kamba, jasho linamtoka. Alipovuta, Karani alinyoosha shingo tu. Miguu haikusogea.

Pembeni alikuwepo Masele, kiongozi wa kundi la jembe, mtu mwenye sauti kubwa na maneno mengi.

"Ngassa!" alisema Masele. "Huyo amezoea kutembea na mwenzake kwenye nira. Peke yake hajui aende kushoto au kulia!"

"Amesimama hapa tangu saa moja," alisema mwanamke mmoja. "Sisi tumekwenda kisimani mara mbili, bado yupo."

"Nisukumieni, badala ya kucheka!" alifoka Ngassa.

"Mtu asimsukume!" Hosiana alifika akihema. "Baba Dorah, mrudishe."

"Nimeshasema namuuza."

"Ule ukuta ungemwangukia Dorah. Fundi amemtoa. Turudi."

Ngassa aliiachia kamba. Ikadondoka. Rhoda na Masudi walimweleza, mmoja baada ya mwingine, pale pale njiani. Ngassa alisikiliza, lakini uso wake ulibaki mgumu.

"Sawa, wanakuja na chakula chao," alisema. "Na mimi nifanye nini? Nikae nimekunja mikono, nitazame watu wakijenga nyumba yangu? Baba yangu alilisha watu arobaini kwa siku moja!"

"Nani amekwambia ukae?" alijibu Rhoda. "Una maksai wawili na mkokoteni. Tuna nyumba kumi na moja. Kuna matofali ya kusomba, mchanga, mbao na mapipa ya maji. Ishirini wa Ngokolo hawawezi kubeba vyote hivyo mabegani. Nimepita kitongoji kizima nikitafuta mkokoteni, nimekosa mwingine. Kumbe wewe ndiye unataka kuuza injini!"

Watu walicheka. Ngassa alimtazama Karani. Karani alikuwa anakula majani ya kando ya njia, kama mtu asiyehusika.

"Mkokoteni wangu gurudumu moja limelegea," alisema Ngassa polepole.

"Nitalikaza leo," alisema Masudi.

"Halafu, Masele..." Ngassa alikohoa. "Kuhusu wimbo."

"Wimbo lazima," alisema Masele. "Lakini hautakuwa wako. Utakuwa wa huyu mgomaji."

Waliporudi, Karani alitembea haraka mpaka Ngassa akalazimika kukimbia nyuma yake.

*

Jumamosi, saa moja asubuhi, gari dogo la mizigo lilifika kutoka Ngokolo. Vijana waliruka chini. Kila mmoja alikuwa na kifurushi chake cha chakula. Mkubwa wao, dada mmoja aliyeitwa Lusia, alimwendea Rhoda moja kwa moja.

"Shikamoo, mama. Tuanzie wapi? Ninyi ndio wenyeji. Sisi tunafuata."

"Marahaba. Hilo ndilo swali ninalolipenda," alisema Rhoda. Alifungua daftari. "Tunaanza na mama aliyejifungua wiki jana. Halafu wazee wawili wanaoishi peke yao. Halafu nyumba zenye kuta za hatari. Aliye barabarani na mwenye sauti kubwa watasubiri zamu yao."

"Amenitaja mimi," alisema Masele, ambaye nyumba yake iko barabarani.

Kwenye gari kulikuwa na mifuko mitatu ya nguo. Watu wema wa mjini walikuwa wamezileta bila kuuliza. Rhoda alifungua mmoja. Akatoa kiatu cha kisigino kirefu, kimoja. Akatoa joho la mahafali. Akatoa koti zito la baridi kali.

"Mwezi wa kumi na mbili, Shinyanga!" alisema. "Lusia, washukuru sana. Lakini safari nyingine, mtupigie simu kwanza. Tunahitaji misumari ya bati, waya, maturubai, ndoo na dawa ya kutibu maji. Kitu kizuri kisichohitajika kinatuongezea kazi ya kukipanga."

"Joho lisitupwe!" alisema Masele. Alivaa joho, akabeba mbao ndani yake mpaka mchana. Watoto walimwita Profesa.

Kabla ya kuanza, Masudi aliwakusanya wote.

"Sikilizeni. Hakuna miguu mitupu, wala kandambili. Misumari imetapakaa kila mahali, na msumari wenye kutu unaleta pepopunda. Kila mtu akiona msumari, autie kwenye kopo. Bati halibebwi na mtu mmoja, upepo ukija litambeba yeye. Na ukuta wenye ufa haukaribiwi mpaka mimi niseme. Aliyechoka apumzike. Hatutaki shujaa wa kwenda hospitali."

Kazi ilianza. Ngassa aliwafunga nira Bwana Shauri na Karani. Walisomba matofali, wakasomba mchanga, wakasomba maji. Walipopita, Masele aliimba kwa sauti yake yote:

"Karani kagoma, hataki mnada!"

Na watu wakaitikia kutoka juu ya mapaa:

"Uje wenyewe mnada, umfuate Karani!"

Ngassa alijaribu kukasirika. Alishindwa. Kufikia saa nne naye alikuwa anaitikia.

Hosiana naye hakukaa. Alikusanya watoto wote wadogo kwenye uwanja wa kanisa, mbali na misumari, Dorah na wenzake wakiwachezesha. Kisha akasimamia maji ya kunywa. Aliyachemsha, akayapoza, akayafunika. Baada ya dhoruba visima vinaingiwa na uchafu, na kuhara kunaweza kuumiza watu wengi kuliko upepo wenyewe. Aliweka ndoo yenye koki na sabuni pembeni. Kila aliyekuja kula, alimkagua mikono.

"Mama, nimeshanawa," alisema kijana mmoja wa Ngokolo.

"Umenawa vidole viwili. Rudi."

Zamu ya nyumba yake ilifika mchana. Masudi alifunga kamba ndefu juu ya ukuta ule wenye ufa. Aliwasogeza watu wote nyuma.

"Vuteni kidogo tu," alisema.

Walivuta kidogo tu. Ukuta ulilala chini mzima mzima, puu! Vumbi likapanda. Ulianguka pale pale palipokuwa na mkeka wa Dorah.

Hosiana alifumba macho. Ngassa alimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Vijana walianza kupanga ukuta mpya kwa matofali aliyosomba Karani. Masudi alimwita Ngassa.

"Njoo uone jambo hili, ukalifundishe. Kwa nini paa lako liliruka?"

"Upepo ulikuwa mkali."

"Na kwa nini la shule halikuruka? Upepo ulikuwa ule ule. Paa lako lilikaa juu ya ukuta kama kofia. Ulitegemea uzito wa mawe juu ya bati. Upepo unaingia chini, unalinyanyua lote pamoja na mawe, na jiwe hilo linakuja kumwangukia mtu. Sasa tazama." Alichukua waya mnene. "Waya unapita ndani ya ukuta, chini ya mistari minne ya matofali. Unapanda juu, unaizunguka mbao ya paa, unasokotwa mpaka ukaze. Kila mbao, waya wake. Sasa upepo ukitaka paa, lazima ubebe na ukuta."

"Waya tu?" aliuliza Ngassa.

"Waya tu. Na ukuta wa zamani unatobolewa, waya unapitishwa. Usiache hata pembe moja."

Ngassa alipanda mwenyewe. Alisokota waya wa kwanza. Masudi akaujaribu kwa kuuning'inia kwa mikono yake miwili. Haukulegea.

Jioni, nyumba tano zilikuwa na paa. Lusia alisema watarudi Jumamosi mbili zijazo. Watu wa Igumilo walisema hawatangoja. Watafanya kila siku baada ya shamba, saa mbili tu, kwa zamu, mtu asichoke. Mtendaji naye alileta misumari na mabati kumi na mawili ya bibi mmoja, maana daftari lilimwonyesha wazi ni nani hana hata bati moja.

Wakati wa kuondoka, Hosiana alimshika Lusia mkono. "Wabeja, mwanangu, asante sana. Sina kitu cha kukupa."

"Mama, umetunyima kuumwa tumbo," alisema Lusia. "Si kidogo!"

*

Ngassa alilima ekari zake nne. Alichelewa wiki moja tu.

Mwezi wa pili, siku moja mchana, mbingu ya mashariki iligeuka nyeusi tena. Hosiana aliingiza vitu ndani. Wote watatu walikaa katikati ya chumba, mbali na madirisha. Upepo ulikuja. Bati lililia. Mbao zililia. Dorah alishika sketi ya mama yake. Ngassa alikuwa anatazama waya, mmoja mmoja, kwenye kila pembe.

Paa lilitetemeka, likavuta, likatulia.

Mvua ilipopungua, sauti ilisikika kutoka nyumba ya jirani. Rhoda alikuwa amewafundisha kwamba dhoruba ikipita, kila nyumba iite nyumba inayofuata.

"Mama Dorah! Mpo?"

"Tupo! Na paa lipo!" alijibu Hosiana. Naye akageukia upande wa pili. "Fundi! Mpo?"

"Tupo! Mihogo yangu haijapata bati safari hii!"

Mwito ulikwenda nyumba kwa nyumba. Nyumba zote kumi na moja ziliitika.

Alasiri hiyo hiyo, simu ya Rhoda ililia. Upepo ulikuwa umepiga kitongoji cha pili, ng'ambo ya korongo. Kabla hajamaliza kueleza, Ngassa alikuwa anawafunga nira Bwana Shauri na Karani. Masudi alipakia kamba na waya. Masele alikuja na sauti yake.

Mkokoteni ulipoanza kutembea, Hosiana alikimbia nyuma yao na sufuria iliyofungwa kwa kanga.

"Simameni! Ugali wenu huu, na mlenda, na maji yaliyochemshwa!"

"Tutakula tukirudi," alisema Ngassa.

"Mtakula huko huko, kando, mkiwa wenyewe," alisema Hosiana. "Yupo mama kule sasa hivi anahesabu sufuria zake. Mkifika, kabla ya kumuuliza anahitaji nini, mwonyesheni kwanza hii."